Bi Ardelia Ni Raia au Si Raia

Kwa miaka kumi na minane Ardelia Pruitt alisimama kwenye kona ya Mtaa wa Tisa na barabara ya Fulton, mjini Wexley, asubuhi na alasiri, kizibao cha njano kifuani na kibao chekundu cha kusimamisha magari mkononi, akiwavusha watoto wa shule ya msingi. Hakuwa mtu wa kuchekacheka nao. Aliwajua kwa majina, na mama zao aliwajua kwa majina, maana baadhi ya hao mama aliwavusha yeye mwenyewe enzi zile wana mapengo. Mtoto akikanyaga barabara kabla hajaruhusiwa, Bi Ardelia alimrudisha mpaka ukingoni, akamsimamisha hapo, akawavusha wenzake wote kwanza. Madereva nao walimjua. Wenye malori ya kiwanda cha vioo walikuwa wakipunguza sauti ya redio wanapomkaribia, utadhani wanapita mbele ya msiba.

Jambo ambalo wengi hawakulijua, na yeye mwenyewe hakuwahi kulifikiria sana, ni kwamba kazi ile ilikuwa chini ya polisi. Hakuwa na bunduki wala pingu, wala mamlaka ya kumkamata hata paka, lakini hati yake ya mshahara ilikuja na nembo ya Idara ya Polisi, na mkubwa wake wa kazi alikuwa Sajenti Kopecky, mtu mnene, mpole, ambaye kila Krismasi alimletea paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Mumewe, Lonzo, kinyozi mstaafu, alikuwa akimwita Afande kwa utani kila anapovaa kile kizibao.

Jumanne moja ya Oktoba, alasiri, alikuwa amekwisha kuwavusha watoto wote. Mmoja alikuwa ameangusha mfuko wake wa chakula katikati ya barabara, na Bi Ardelia akarudi kuuokota, kibao juu. Gari la doria likatokea upande wa mtoni, bila king'ora, bila taa, na mwendo wake si wa mtaa wenye shule. Halikumgonga mwilini. Kioo cha pembeni kilikipiga kibao, kibao kikauvuta mkono, na mkono ukamvuta yeye mzima akaangukia kiganja. Alisikia mfupa ukilia. Pale pale chini aliinua kichwa, akaliona gari likipunguza mwendo kama hatua kumi na tano mbele. Taa za breki ziliwaka. Kwenye kioo cha ndani aliona macho ya mtu yakimtazama. Kisha taa zikazimika, gari likaenda zake, na yeye akabaki na namba yake kichwani: ishirini na saba.

Wiki hiyo hiyo, mkono umefungwa plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko, alikwenda kituoni kuandika malalamiko. Karani wa dirishani alimpa fomu. Swali la kwanza kabisa lilitaka kujua kama mlalamikaji ni raia au ni mtumishi wa Idara. Bi Ardelia alimuuliza karani aweke alama wapi. Karani akamwambia kwamba maadamu analipwa na Idara, basi yeye ni mtumishi. Akaweka alama hapo, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, akaenda nyumbani akiamini kazi imekwisha.

Kumbe malalamiko ya mtumishi huenda kwa mkubwa wake. Fomu ikatua mezani kwa Sajenti Kopecky. Kopecky akamwita askari wa gari namba ishirini na saba, kijana mmoja jina lake Trautwein mwenye miaka mitatu kazini, akamuuliza kama amemgonga mtu. Trautwein akasema hakumbuki kugonga kitu. Kuhusu picha za kamera ya gari, Kopecky aliandika kwamba hazikupatikana. Siku ya tisa barua ikafika nyumbani kwa kina Pruitt, aya mbili, na neno moja lililopigiwa mstari: haikuthibitika.

Bi Ardelia aliisoma amesimama jikoni, sufuria ya maharage ikitokota nyuma yake.

"Haikuthibitika," alisema. "Na huu mkono nimeuvunja mwenyewe kwa kujifurahisha?"

"Labda ni mkono ndio haukuthibitika," Lonzo alisema. "Hebu uupeleke tena wakautazame."

Hakucheka. Alifyonya, akaikunja barua, akaitia kwenye mkoba aliokuwa akienda nao kanisani, na tangu siku hiyo mkoba ule ukawa wa vikao vya baraza la jiji.

Baraza la jiji la Wexley hukutana Jumatatu ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, saa kumi na mbili jioni. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kusema, mradi ajiandikishe na asizidi dakika mbili. Mara ya kwanza Bi Ardelia alianza hadithi yake mwanzo kabisa, kama inavyopaswa, akaeleza hali ya hewa, akaeleza watoto, na alikuwa amefika kwenye mfuko wa chakula kengele ikalia na kipaza sauti kikafa. Mwenyekiti wa baraza, Bwana Brubaker, mwenye duka la samani, akasema, "Tunakushukuru kwa kuja." Alimwambia hivyo kila mtu. Alimwambia hivyo hata mzee aliyekuwa akija kila kikao kulalamikia bata bukini wa bustani ya jiji.

Mara ya pili Bi Ardelia alianzia kwenye kuanguka. Dakika zikatosha. Bwana Brubaker akamshukuru kwa kuja, akaita jina linalofuata.

Ila kulikuwa na mtu mmoja aliyesikia. Diwani Marisol Echeverry, wa kata za ng'ambo ya mto, alikuwa ameleta mswada wa kuunda bodi ya raia: watu saba wasio askari, watakaopokea malalamiko dhidi ya polisi na wenye haki ya kudai karatasi na picha za kamera. Alimfuata Bi Ardelia kwenye ujia, akamshika mkono ule mzima, akamwambia kwamba bodi kama hiyo ingekuwepo, faili lake lisingefungwa kwa siku tisa. Alimwomba aje kila kikao. Mambo haya, alisema, hayatachukua zaidi ya miezi miwili.

Miezi miwili ikapita kwa kubishana ni kamati ipi iujadili mswada. Wa tatu, mwanasheria wa jiji aliomba muda wa kutoa maoni. Wa nne alitoa maoni, na maoni yakawa kwamba anahitaji muda zaidi. Kikao kimoja kiliahirishwa kwa theluji, na kingine kwa sababu madiwani wawili walikuwa wamesafiri, hivyo akidi haikutimia, jambo ambalo watu themanini waliokuwa wamekaa ukumbini waliambiwa baada ya kungoja dakika hamsini. Ikaja zamu ya idadi: wajumbe wawe saba au tisa. Wakakubaliana saba, walikoanzia.

Jioni moja ya Aprili Bi Ardelia alikaa saa moja na dakika ishirini, akiitazama saa ya ukutani muda wote, akiwasikiliza watu wazima sita wakibishana kama bodi iwe ya kusimamia au ya kushauri. Diwani mmoja alisema kusimamia ni neno zito. Mwingine akauliza kama kuna neno la katikati. Bwana Brubaker akapendekeza kuangalia kwa makini, kisha akalifuta mwenyewe. Mwishowe waliamua kulirudisha neno kwa kamati.

Lonzo hakuwa akienda. Alitazama kupitia kituo cha televisheni cha jiji, miguu juu ya kiti, sahani ya samaki wa kukaanga mapajani. Mkewe alipoingia alimkuta tayari ana taarifa kamili.

"Nimekuona kwenye runinga, Afande. Ulikuwa unasinzia."

"Nilikuwa nimefumba macho nisimtazame Brubaker."

"Ulikoroma."

"Lonzo, niache. Wamebishana neno moja. Neno moja, jioni nzima. Mimi mtoto wa miaka sita namvusha barabara kwa neno moja na tunaelewana."

Kwa upande mwingine ukumbi ule ulikuwa umegawanyika. Kulia walikaa askari waliokuwa nje ya zamu pamoja na wake zao, na kiongozi wa chama chao. Kushoto walikaa wanaounga mkono bodi, wengi wamevaa fulana za kijani. Bi Ardelia aliketi kushoto, kwa kuwa aliyemwalika alikuwa Echeverry. Mwezi wa Mei kiongozi wa chama cha askari alisimama kwenye kipaza sauti akasema Idara ni familia moja, kuanzia mkuu wa polisi mpaka wavusha watoto wa shule, na familia humaliza mambo yake ndani. Akamnyooshea Bi Ardelia mkono kwa heshima. Shingo zote za fulana za kijani zikageuka.

Kijana mmoja mwenye ndevu, mpangaji wa shughuli zao, alimwendea kwenye mapumziko. Kwa adabu kabisa alimuuliza kama ni kweli analipwa na polisi. Bi Ardelia akasema ni kweli, saa nne kwa siku, siku za shule. Kijana akasema, bila ubaya mama, pengine ingekuwa vizuri zaidi asikae safu ya mbele, maana kuna wapiga picha. Basi akahama. Akaenda kukaa upande wa kulia, kiti cha mwisho, na mke wa askari mmoja akauhamisha mkoba wake upande wa pili kana kwamba Bi Ardelia amekuja kuuiba. Kikao kilichofuata alikwenda na mto mdogo wa kukalia, akauweka kwenye benchi la nyuma kabisa karibu na mlango wa choo, na hapo ndipo palipokuwa pake. Mkono ulikuwa umefunguliwa plasta zamani. Ulimuuma siku za mvua, na alishindwa kufungua mfuniko wa chupa, basi.

Alirudi kazini majira ya kuchipua. Asubuhi alivusha watoto, na mara mbili kwa wiki gari namba ishirini na saba lilipita pale kwa mwendo wa taratibu mno, dereva wake akitazama mbele kama amefungwa shingo. Kumwona hivyo kulimkera Bi Ardelia kuliko kama angepita kasi.

Kura ilipigwa Septemba, karibu mwaka mzima tangu aanguke. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mswada ukasomwa pamoja na marekebisho yake kumi na manne, na karani aliyasoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya mboga. Bodi ilikuwa ya kushauri. Bi Ardelia alisikiliza yote, maana miezi ilikuwa imemfundisha kwamba jambo huwa limefichwa kwenye vifungu ambavyo watu wanakohoa vinaposomwa. Kifungu cha kumi na moja kilisema kwamba malalamiko ya watumishi wa Idara, wawe askari au wasiwe, yataendelea kushughulikiwa ndani ya Idara.

Kura zikawa nne kwa tatu. Bodi imepita. Upande wa kushoto ulilipuka kwa makofi, watu wakakumbatiana, kijana mwenye ndevu akalia machozi. Upande wa kulia ulitoka kimya kimya. Bi Ardelia alibaki kwenye benchi lake.

Echeverry alikuja mbio, uso umemwiva kwa furaha, mikono wazi.

"Bi Ardelia, tumeshinda."

"Diwani, nikuulize. Mimi ni raia?"

"Bila shaka ni..." Aligeuka kumtazama mwanasheria wa jiji aliyekuwa akikusanya karatasi zake mbele kule. Alipomgeukia tena, mikono ilikuwa imeshuka. "Kile cha kumi na moja."

"Hicho."

"Brubaker hakukubali kutupa kura yake bila hicho. Nilihitaji kura ya nne." Aliketi pembeni yake, kwenye ncha ya benchi. "Walisema ni ugomvi wa askari kwa askari, mambo ya zamu na vyeo. Nikakubali. Sikukufikiria, Bi Ardelia. Naapa, ilipokuwa mbele yangu sikukufikiria kabisa."

Angedanganya, Bi Ardelia angejua la kumjibu. Alikuwa na maneno tayari, ya miezi kumi na moja. Lakini mwanamke yule alisema ukweli wake mzima, na sasa alikuwa akijiuma midomo kama mtoto aliyerudishwa ukingoni. Bi Ardelia akachukua mto wake, akasema ana njaa, akaenda nyumbani.

Siku ya nne baada ya kura alikwenda kituoni akiwa na kizibao kilichofuliwa na kupigwa pasi, kibao chekundu, filimbi, na barua ya mistari mitatu. Akaviweka vyote mezani kwa Sajenti Kopecky.

Kopecky aliisoma barua mara mbili. Alimuuliza kama ni mgonjwa. Alimuuliza kama Lonzo ni mgonjwa. Alipoelewa, aliisukuma barua ile kuirudisha upande wake.

"Bi Ardelia, miaka kumi na minane. Kwa ajili ya mkono uliokwisha kupona?"

"Aliniona, Sajenti. Kwenye kioo. Alipunguza mwendo, akaniona, akaenda zake. Nataka mtu amuulize hilo mbele yangu. Wewe hukumuuliza."

"Nilimuuliza."

"Ulimuuliza kama amegonga kitu."

Kopecky akawa mwekundu mpaka masikioni. Alisema angeweza kulifungua faili upya, yeye mwenyewe, kimya kimya, hakuna haja ya kuacha kazi. Bi Ardelia akamwambia amekwisha kuona mambo ya kimya kimya yanavyokwenda. Akatoka. Kwenye ngazi alisimama, kichwani akihesabu majina: ni nani atamwambia huyo mgeni atakayewekwa pale kwamba mtoto wa kina Delacroix haoni vizuri jicho la kushoto?

Akapeleka malalamiko upya, mara hii kwa alama ya raia. Jibu lilichukua wiki tano. Mwanasheria wa jiji ilibidi kwanza aamue kama mtu ambaye sasa ni raia, lakini alikuwa mtumishi wakati wa tukio, ni raia kwa habari ya tukio; mwishowe akaamua kwamba ndiyo. Bodi yenyewe ilikuwa bado haina wajumbe. Wajumbe walipopatikana hawakuwa na chumba. Chumba kilipopatikana, chini ya maktaba, mafunzo yao yalikuwa hayajaanza, kwa sababu aliyepaswa kuwafundisha alikuwa ni polisi na kulikuwa na mjadala kama hiyo ni sawa. Lonzo aliacha kutania. Ilikuwa imefika mahali hata yeye, akisikia simu ikilia mchana, alikuwa akiipokea kwa kusema, "Kama ni jiji, tumekufa."

Februari bodi ikaketi. Alikuwepo daktari wa meno, mpishi wa shule, fundi wa mabomba, mwalimu wa kanisa, na wengine watatu. Faili namba moja lilikuwa la Ardelia Pruitt. Jambo la kwanza walilofanya ni kuandikia Idara barua ya kudai picha za kamera ya gari namba ishirini na saba, ile siku ya Oktoba, mwaka juzi kwa hesabu ya kalenda.

Zilikuja baada ya siku mbili.

Fundi wa Idara anayetunza picha hizo aliandika maelezo mafupi, na mwenyekiti wa bodi, yule daktari wa meno, aliyasoma kwa sauti. Picha zilikuwa kwenye hifadhi muda wote. Huwekwa miaka mitatu. Hazikutolewa kwa kuwa hakuna aliyeziomba.

Bi Ardelia, aliyekuwa ameketi kiti cha mlalamikaji na nguo yake ya Pasaka, alihisi kitu kikipanda kutoka tumboni, akadhani ni kilio. Kilikuwa ni kicheko. Alijizuia kwa leso. Miezi kumi na sita, vikao ishirini, marekebisho kumi na manne, na kilichohitajika ilikuwa ni mtu mmoja kuinua simu. Mpishi wa shule alimsogezea glasi ya maji.

Kisha wakaonyesha picha. Zilichukua sekunde thelathini na moja. Barabara ikaja kwa kasi, yule mwanamke mwenye kizibao, mgongo umeinama, kibao juu, mlio wa kugongwa, barabara tupu. Gari likapunguza mwendo. Na hapo ikasikika sauti ya Trautwein, peke yake ndani ya gari, akijisemea:

"Kainuka. Yuko sawa."

Trautwein alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, mwanasheria wa chama pembeni yake. Mtu mwembamba kuliko Bi Ardelia alivyomkumbuka. Daktari wa meno alivua miwani.

"Alikuwa ameinuka?"

Mwanasheria akaweka mkono juu ya kitabu chake, akafungua mdomo.

"Hapana," Trautwein akasema kabla yake.

Walimuuliza alikuwa akiwahi wapi. Akasema zamu ilikuwa inaisha na gari lilitakiwa kurudi. Walimuuliza kwa nini alisema hakumbuki kugonga kitu. Akasema kwamba wakati anaulizwa na Sajenti alikuwa amekwisha kujiambia mara nyingi kwamba mama yule aliinuka, na kwamba kila alipopita kona ile baada ya hapo alitaka kusimama, na kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi. Alisema hayo akiitazama meza. Mwenyekiti akamwambia amwambie Bi Ardelia, si meza. Akainua macho, akasema samahani.

Bi Ardelia alikuwa amejiandalia hotuba, na alipewa dakika zote anazotaka, hakuna kengele. Akajikuta hana la kusema ila moja. "Ungesimama tu, mwanangu," alisema. "Ningekugombeza, tungekwenda hospitali, ningekuwa nimekwisha kukusahau."

Bodi ilishauri Trautwein asimamishwe siku kumi bila malipo. Mkuu wa polisi, kwa kuwa ushauri ni ushauri, akampa tatu. Barua aliyoandikiwa Bi Ardelia haikutaja idadi, kwa sababu mambo ya watumishi ni siri. Zile siku tatu alizisoma kwenye gazeti la mji kama watu wengine, akiwa kwenye foleni ya dukani. Iliongezwa kanuni kwamba malalamiko yoyote ya kugongwa mtu lazima picha ziangaliwe. Sajenti Kopecky alipewa onyo la maandishi, na wiki hiyo hiyo alikuja barazani kwa kina Pruitt, kofia mkononi, akakaa dakika ishirini akizungumzia mpira wa vikapu na Lonzo, na alipoinuka kuondoka ndipo akasema alichokijia. Kona ya Fulton ilikuwa na mtu tayari, mwanamume mmoja aliyetoka posta, asingeweza kumwondoa. Lakini palikuwa na nafasi mbele ya shule ya sekondari, Mtaa wa Lindell. Hakuna aliyeitaka. Watoto wa pale ni wakubwa, hawasikii.

Siku hiyo hiyo jioni Echeverry alipiga simu. Mwalimu wa kanisa alikuwa amejiuzulu kwenye bodi baada ya kesi mbili tu, akidai kichwa kinamuuma, na Echeverry alitaka kupeleka jina la Bi Ardelia. Sasa ni raia kamili, alisema kwa furaha. Hakuna kifungu kitakachomzuia.

Bi Ardelia alimwambia atamjibu asubuhi. Akakaa mezani na mumewe, kitindamlo cha mapichi kati yao, akamweleza nafasi zote mbili. Kuwa na moja ilikuwa ni kuikosa nyingine. Akirudi kwenye kibao, anakuwa mtumishi wa Idara tena, na bodi aliyoipigania haiwezi kumsikiliza tena.

"Chukua bodi," Lonzo alisema. "Kiti kina mto, kuna joto, na safari hii wewe ndiye unayeuliza maswali."

"Mara mbili kwa mwezi, Lonzo. Chini ya maktaba. Wiki iliyopita walibishana nusu saa kuhusu aina ya kalamu."

"Kwa hiyo unarudi barabarani. Kwa mkono huu, na miaka sitini na nne."

"Wale watoto wa Lindell wanavuka wakiwa wameziba masikio kwa muziki. Nimewaona. Watakufa."

Lonzo alimega kitindamlo, akatafuna polepole, akimtazama. Alikuwa ameishi naye miaka arobaini na moja na alijua mambo yalipokwisha kuamuliwa kabla hajaulizwa.

"Haya. Na wakikugonga tena, Afande? Utamlalamikia nani?"

"Nitaacha kazi tena," Bi Ardelia akasema, akamnyang'anya kijiko.